Kwaresima ya Kutafuta Mtoto wa Ubatizo

Jumatano, 18 Februari. Majivu.

Nimepakwa majivu. Nimeweka nia mbili: sitatia sukari kinywani hadi Pasaka, na mwaka huu lazima mtu anichague niwe msimamizi wake wa ubatizo. Hiyo ya pili ndiyo ngumu.

Nilikuja kisiwa hiki cha Amu kwa uhamisho wa muda. Idara ikanisahau mpaka nikastaafu. Tangu hapo mimi ndiye katekista wa parokia hii ndogo, na watu wazima wengi wamepita mikononi mwangu. Nawafundisha mimi, siku ya kubatizwa wanasimama na mtu mwingine, kisha serikali inawahamisha. Polisi, wauguzi, walimu, wote wamekwenda. Hakuna hata mmoja anayenipigia simu Krismasi.

Safari hii wanafunzi ni wawili. Bi Jumwa, anayekaanga viazi karibu na gati, ameshasema atasimamiwa na shoga yake. Sawa. Lakini Kahindi! Mkata mawe wa Maweni, kule ng'ambo, kisiwani Manda. Mpole, ameoa, amejenga, hahamishwi na mtu. Na mtoto wa ubatizo ni mtoto wa maisha. Nikiugua atakuja kunitazama. Watoto wake wataniita babu. Nimeshamchagulia na kiti cha kukalia.

Niliporudi nyumbani, Bi Mwanamkisi, mwenye nyumba wangu anayeishi chini, alitaka kunifuta paji la uso. Anasema nina masizi. Kila mwaka nina masizi, kila mwaka namweleza. Wao nao Ramadhani ndiyo hiyo inaanza, akaniambia niwe nashuka magharibi nile nao. Nikashukuru, nikakataa. Huenda Kahindi akaja.

Hakuja.

Jumapili, 22 Februari.

Hatari! Jina lake Okumu. Ni mwalimu wa kwaya na mpiga kinanda wetu, tena ni mtunza stoo wa hoteli moja huko Manda. Watoto wa ubatizo anao tele, wanamletea kuku. Leo baada ya Misa nimemwona akicheka na Kahindi, mkono begani. Kicheko namna ile, ndani ya Kwaresima!

Darasani nikachukua hatua. Nikawasomea masharti ya msimamizi. Awe amepata Kipaimara. Awe mtu wa sala. Hayo ni ya kweli. Nikaongeza kwamba awe amevuka miaka sitini, aishi Amu mjini wala si Manda, na asiwe mpiga kinanda. Bi Jumwa akauliza kinanda kina kosa gani. Nikamjibu ni jambo la kale sana katika Kanisa, kulieleza kutatuchelewesha.

Jumatano, 25 Februari.

Bi Jumwa amekwenda kumuuliza Padri habari ya kinanda. Mwanamke huyu haaminiki.

Padri akaniita. Hakunigombeza. Alicheka mpaka akavua miwani, na hilo liliniuma zaidi. Amesema Kahindi atachagua mwenyewe, na amtaje mtu wake kabla ya Jumapili ya Matawi.

Basi, mpango mpya. Kahindi anizoee tu. Akinizoea, atamchagua nani mwingine? Leo amesema Kanuni ya Imani mbele yangu toka mwanzo hadi amina, bila kukosea neno. Moyo ukaniingia baridi. Mtu aliyeiva hana haja ya masomo ya ziada. Nikakuna kidevu, nikamwambia bado. Aje kwangu Ijumaa. Uso ulimsawijika. Lakini atakuja, na hiyo ndiyo haja yangu.

Ijumaa, 6 Machi.

Mambo yanakwenda vizuri mno. Anavuka na boti baada ya kazi, vumbi jeupe la mawe lingali nyusini, anakaa kwenye kiti chake. Mimi namimina chai. Anasema Kanuni ya Imani, sawasawa kabisa. Namwambia bado. Leo alinisimulia habari za mwanawe anayeota meno, anavyowakesha. Nikafurahi hata nikasahau kumuuliza swali.

Alipoondoka nyumba ikawa kubwa. Nayo ni chumba kimoja.

Bi Mwanamkisi ametuma kaimati, zimelala ndani ya shira ya sukari. Nimezila zote. Nitaungama.

Jumapili, 8 Machi.

Ushindi! Leo ilikuwa siku ya kuwaombea wanaojiandaa kwa ubatizo. Kila mmoja hupiga magoti, na mtu husimama nyuma yake akimwekea mkono begani. Kwa kuwa wasimamizi bado hawajatajwa rasmi, Padri alisema asimame yeyote. Lakini asubuhi nilikuwa nimeshamwendea Okumu, nikamwambia kwamba Padri anataka kinanda kisinyamaze hata kidogo wakati wa maombi. Masikini Okumu, alipiga mpaka jasho likamtiririka. Mimi nikajisogeza nyuma ya Kahindi.

Bega lake lilikuwa likitetemeka. Sikujua kama anaogopa kitu. Na sikumbuki lini nilimgusa mtu zaidi ya kupeana mkono. Padri akamaliza sala, akanitazama, akakohoa. Bi Jumwa na shoga yake walikuwa wamesharudi kukaa zamani. Ndipo nikautoa mkono.

Jumamosi, 21 Machi.

Mji mzima umevaa nguo mpya za Idi. Bi Mwanamkisi amepanda ngazi mwenyewe, na magoti yake yale mabovu. "Mwalimu, ndoo tini ule nasi," akaniambia, akinionyesha ngazi ya kushukia. Nikamweleza kwamba namngoja mwanafunzi. Akakitazama kiti kitupu, akashuka. Baadaye pilau ikaletwa imefunikwa. Nikaila huku nawasikia wajukuu wake wakicheka.

Kahindi hakuja. Jana pia hakuja.

Nimeteremka kununua viazi kwa Bi Jumwa, viazi nisivyovitaka, ili nipate habari. Nimezipata. Kahindi amejiona ana kichwa kizito. Kila siku anaambiwa bado, kwa hiyo amemwendea Okumu amwokoe. Okumu ameitia Kanuni ya Imani katika wimbo. Kahindi anaiimba akikata mawe, na sasa Maweni nzima wanaijua, hata wale wasiojua mlango wa kanisa uko upande gani.

Nimemtuma mwenyewe kwa Okumu. Hapana. Ni Okumu aliyemvuta. Nimeliandika hivyo na libaki hivyo.

Jumamosi, 28 Machi.

Amemtaja Okumu.

Nilimkuta gatini akisubiri boti ya kurudi Manda. Nikamuuliza kijuujuu, kama mtu anayeuliza bei ya samaki, kwa nini hakunichagua mimi. Akavua kofia.

"Mwalimu, mimi tangu Majivu nilikuwa nakutaka wewe," akasema. "Nilishamwambia na mke wangu. Lakini kila nikija unaniambia bado. Na msimamizi ndiye anayeulizwa na Padri mbele ya watu kama huyu mtu yuko tayari. Nikaona nikikuchagua nitakutia katika uongo."

Nikamwambia apande, boti inaondoka. Haikuwa inaondoka. Alipanda, na boti ikakaa pale pale kitambo kirefu ikingoja abiria, yeye akinitazama na mimi nikimtazama. Nimeumia. Sijui kuliandika vingine.

Jumapili, 5 Aprili. Pasaka.

Mkesha ulikwenda salama. Padri alipouliza kama huyu yuko tayari, Okumu akajibu kwa sauti yake ya besi kwamba yuko tayari, na ikasikika hadi barabarani. Kahindi alilia alipomwagiwa maji. Mimi nilishika taulo.

Bi Mwanamkisi amekuja kunipa mkono wa sikukuu. Chini wamepika biriani, nishuke. Nimemwambia leo nina kazi ya kufikiri.

Na nimefikiri vizuri. Kosa langu nimeliona: nilichelewa kuanza. Kahindi alinifikia akiwa ameshajifunza kila kitu, nikakosa muda wa kumzoesha. Mwakani sitarudia.

Tena mtu mwenyewe ameshapatikana. Anaitwa Hiribae, seremala wa milango, Mpokomo, amehamia hapa na anasema hapa ndipo atakapozeekea. Hana ndugu mjini, jioni zinamwia ndefu. Amenisimamisha leo baada ya Misa. Anataka ubatizo. Akauliza kwa aibu kama katekista anaruhusiwa kumsimamia mtu, maana angependa nimsimamie mimi.

Nilikaribia kukubali papo hapo. Lakini nimejizuia. Nimemwambia bado hajafika mahali pa kuuliza hayo, aje kwangu Jumatano.