Mkanda Wenye Kucha

Leo nimevuliwa suruali mchana kweupe, hapa Nakuru mjini, ndani ya saiba ya Mama Kevo, pale pa kulipia intaneti kwa dakika. Aliyenivua ni mama mzee mwenye sari na sweta, na hata hakunigusa.

Wanajukwaa, nawaeleza mimi kabla hamjaelezwa na wengine. Mmoja wa walioona ni dereva wa lori wa Mai Mahiu, na habari ikifika Mai Mahiu hupakiwa ikasafirishwa mpaka mpakani.

Mnajua huwa naandika kwenye ile kamusi elezo ya mtandaoni, ambayo mtu yeyote anaweza kuongeza makala. Wengi wenu mmenicheka. "Unalipwa?" Silipwi. "Sasa unaandikia nini?" Mimi ni mtu wa kuhama. Nimewauzia madereva chai Mai Mahiu, nimechimba viazi Dundori, nimepanga nyumba Molo, na kila nilipoondoka niliacha kitu nyuma. Kule kwenye kamusi naweza kurudi popote bila nauli. Basi niacheni nirudi.

Makala ninayoipenda kuliko zote ni ya Elburgon. Nilizaliwa pale, katika kambi ya kiwanda cha mbao alichofanyia kazi baba. Kiwanda hakipo tena. Yamebaki maranda yaliyooza, mbuzi wa watu, na picha moja.

Katika picha hiyo mimi ni kijana ambaye ndevu bado anazisikia kwa wengine. Nimesimama juu ya gogo la mwerezi, msumeno mikononi, na nyuma yangu bomba la kiwanda linatoa moshi. Picha inaishia kiunoni. Uso nimeukaza kama waziri anayefungua daraja.

Picha zetu nyingine zote, na za marehemu mama zote, ziliungua Molo Januari hii pamoja na nyumba. Hii moja ilipona kwa sababu ilikuwa kwa fundi wa fremu, nami sikuwa na hela ya kuikomboa. (Umaskini nao una siku yake.) Nilipoipata sikutaka kuiweka sandukuni tena. Niliipitisha kwenye skana nikaipandisha kwenye kamusi, mahali ambapo kiberiti hakifiki.

Sasa, ukipandisha picha kule unaulizwa: nani aliipiga? Nikajaza: mimi mwenyewe. Msinitolee macho. Wapiga picha walikuwa wanakuja kambini Jumapili, wanapiga wanachotaka, halafu wanarudi na picha, ukiipenda unanunua. Baba aliipenda akanunua. Ukinunua kuku, yai ni la nani? Chini ya picha nikaandika hivi: "Kijana hodari wa Elburgon, ambaye ndiye mwandishi wa makala hii, akiwa juu ya gogo bila uoga."

(Hayo maneno "bila uoga" yawekeni kando. Tutayahitaji.)

Huko kuna watu wanaitwa wakabidhi. Kazi yao ni kufagia na kufuta. Mmoja anajiita Kobe, anaishi nchi ya theluji sijui gani, na Kiswahili chake ni safi kuliko cha sisi sote. Wiki iliyopita akaniandikia:

"Ndugu mpendwa, salaam. Umesema picha hii umeipiga mwenyewe. Hata hivyo umo ndani yake, na mikono yako yote miwili imeshika msumeno. Je, kamera ilishikwa na nani?"

Nikamjibu kwamba kamera iliwekwa juu ya kisiki. (Mungu ananiona.)

"Asante kwa maelezo. Pembeni pana mhuri wa studio ya Nakuru. Je, kisiki hicho kilikuwa na studio?"

Nikawaka. Nikamwambia picha imelipiwa, imekaa kwetu tangu yeye akiwa ananyonya, na kwamba hata Njoro hapajui. Akajibu kwa upole ule ule unaoudhi: aliyelipa ana karatasi, lakini haki ya picha ni ya aliyeipiga. Bila ruhusa ya maandishi ya mpiga picha, itafutwa Ijumaa. Kisha akaongeza:

"Aidha, naomba kufahamishwa: hicho kilicho kiunoni mwako ni kitu gani?"

"Mkanda," nikaandika. "Wa ngozi."

"Ndugu, mkanda huo una kucha."

Nikafunga kompyuta. Picha hiyo nimeitazama maisha yangu yote na siku zote nimeona mkanda. Nani anahesabu kucha za mkanda?

Ijumaa ndiyo leo. Asubuhi nikavaa koti, nikaiweka picha ndani ya gazeti, nikaenda kutafuta studio ya kwenye mhuri. Ipo bado, nyuma ya duka la vitambaa. Mzee Jagdish, mwenye studio, alikuwa kwenye kaunta anakata picha za pasipoti. Hotuba nilikuwa nimeiandaa tangu jana.

"Mzee, habari ya asubuhi. Nimekuja kwako kwa heshima, wewe kama msanii uliyepiga picha hii..."

Akaitazama, akageuka nyuma. "Kamla! Kuja uone mtu yako."

"Kwani si wewe ulipiga?"

"Mimi? Mimi nilikuwa mtu ya chumba ya giza. Kuosha picha tu. Huko msituni alikuwa anaenda huyu. Mimi naogopa nyani."

Akatokea mkewe, mama mfupi mwenye miwani minene. Akaishika picha, akanitazama, akaitazama tena, akanitazama mimi kuanzia kichwani hadi viatuni. Halafu akapiga kaunta kwa kiganja.

"Ala! Wewe ndiye mtoto wa suruali!"

"Suruali gani, mama?"

"Hapana. Hakuna kitu." Na akageukia ukutani, mabega yakitetemeka.

(Mtu mwenye akili angeondoka hapo.)

Nikamweleza yote. Kamusi, Kobe, theluji, kufutwa jioni. Nikamwambia picha nyingine ziliungua. Hapo akaacha kucheka.

"Sasa sikia," akasema. "Hii picha mimi sikupiga."

Nikagusa pembeni ya picha. "Lakini mama, mhuri..."

"Mimi nilipiga picha kubwa. Hii ni kipande. Baba yako, yule mrefu, hapendi kucheka, ndiye alisema nikate."

Akapanda kiti, mzee akimshikia, akashusha kopo la biskuti lililojaa filamu za zamani zilizofungwa kwa karatasi. Zote zimeandikwa mahali: Njoro, Molo, Gilgil, Elburgon. Akatafuta akinung'unika kwa lugha yao, mwishowe akainua kijipande dirishani. Nikachungulia. Mnajua filamu ilivyo, cheusi ni cheupe na cheupe ni cheusi. Nilijiona mdogo kama siafu, meno meusi. Kando yangu palikuwa na kitu kimeinama. Nikadhani ni kisiki.

"Ruhusa nitakupa," akasema Mama Kamla. "Lakini picha yangu haikatwi mara ya pili. Iende nzima."

"Nzima kabisa, mama! Hata kama kuna ng'ombe anakunya!"

"Apa."

"Haki ya Mungu."

Mzee Jagdish akakohoa. "Boss, si uangalie kwanza?"

"Mzee, mimi ni mtu wa neno moja." (Neno hilo ni "mjinga", ila sikulijua bado.)

Akaipitisha kwenye skana yao, akaitia kwenye flashi. Mimi sikutazama hata kidogo, nilikuwa nashughulika kumweleza mama habari ya leseni.

"Yaani mtu yeyote ataitumia?"

"Yeyote, mama."

"Hata akitaka kuweka kwa kalenda?"

"Hata kalenda. Mradi aandike jina lako."

"Jina langu," akasema polepole. "Kwa mhuri iko jina ya mzee tu."

Akachukua mkoba wake. Alitaka kwenda mwenyewe kuona mahali picha yake itatundikwa.

Tukaingia kwa Mama Kevo. Ndani kumejaa: wanafunzi wa chuo, wanaotafuta kazi, na yule dereva wa Mai Mahiu aliyekuja kutuma baruapepe kwa mwajiri wake. Mama Kamla akapewa kiti kizuri, akasema maneno ya ruhusa moja moja, Mama Kevo akayapiga chapa na kuyatuma. Kisha picha nzima ikapandishwa mahali pa kile kipande.

Na hapa, wanajukwaa, hakuna aliyenisukuma. Nilisimama katikati ya saiba nikatangaza: "Wananchi! Njooni muone mwanamume wa Elburgon!"

Wakaja. Walikuja hata waliokuwa wamelipia dakika zao.

Mtandao wa Mama Kevo mnaujua. Picha hufunguka kutoka juu kwenda chini, mstari kwa mstari, kama pazia linaloshushwa na mtu mvivu. Likatokea anga. Ukatokea moshi. Ikatokea kofia yangu, halafu uso wangu wa waziri.

"Boss, kumbe ulikuwa mtu!" akasema dereva.

"Hamjaona kitu," nikamwambia. (Ilikuwa kweli tupu.)

Kikatokea kifua. Ukatokea msumeno. Kikaanza kutokea kiuno, na kiunoni pale, vidole. Vitano. Vyenye kucha. Vimekamata suruali ubavuni na kuikunja ngumi, na vimeshikana na mkono, na mkono unashuka pembeni kwa mtu aliyevaa kitambaa cha kichwa.

Mstari ukazidi kushuka. Suruali ilikuwa ya baba. Hiyo nilikuwa nimeisahau, nawaapia. Ilikuwa ya baba na ilikuwa pana kama hema la mkutano wa injili, na licha ya juhudi za ule mkono, upande mmoja ulikuwa umeshashuka hadi gotini. Ndani yake nilivaa chupi iliyoshonwa kwa gunia la unga. Maandishi yanasomeka. Mama Kamla alikuwa mpiga picha hodari, herufi hazina hata ukungu.

"U-nga... sa-fi," akasoma dereva kwa sauti. "Ki-lo ti-si-ni."

Akashusha kidole kidogo.

"Kilo tisini! Na miguu ni ya kuku!"

Saiba ikalipuka. Mwanafunzi mmoja akashika meza. Mwingine, msichana mpole hivi wa kubeba Biblia, akaona maneno yangu chini ya picha na akayasoma kama anayesoma somo la Jumapili: "Akiwa juu ya gogo bila uoga." Wakaanza upya. Mtu alitoka nje kuwaita wa duka la simu.

Mama Kevo akaniinamia sikioni. Ni mtu mwema. "Mzee, nikate? Hapa kiunoni tu, ni kubonyeza. Huyu mathe haoni vizuri, hatajua."

Kishale kilikuwa tayari kwenye kiuno changu. Ningesema "kata" ningetoka pale na heshima yangu. Nilifungua mdomo niseme.

Lakini pazia lilikuwa halijamaliza. Kile kitambaa cha kichwa kikapata uso. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya gogo, mkono mmoja juu, na alikuwa anacheka mdomo wazi, pengo lake lile la upande wa kushoto linaonekana. Kamera hakuiangalia. Alikuwa ananiangalia mimi. Tangu Januari nilikuwa sijaona uso wa mama yangu popote isipokuwa kichwani mwangu, na huko ulikuwa umeanza kufifia.

Mama Kamla alikuwa anafuta miwani kwa ncha ya sari. Kumbe macho hayaoni vizuri lakini masikio yanasikia.

"Baba yako alitaka kutumia ndugu zake hii picha, wajue ana mwanamume nyumbani," akasema. "Mimi nikauliza mama yako, nikukate kweli? Yeye akacheka. Akasema, kata tu, mimi si niko."

Saiba ikatulia kidogo. Kidogo tu, maana dereva bado alikuwa anahema.

"Usikate," nikamwambia Mama Kevo.

"Mzee, na hiyo kilo tisini?"

"Iache! Futa hayo maneno ya chini. Andika: Mama akimshikilia mwanawe suruali, kiwanda cha mbao, Elburgon. Mpiga picha: Kamla." Nilisema kwa nguvu mpaka wa duka la simu wakasikia. Kama ni kucheka, wacheke wakijua wanamcheka nani na mama yake ni nani.

Mama Kamla alisoma jina lake kwenye kioo, pua karibu iguse. Akaomba achapiwe nakala ampelekee mzee.

Tulikuwa bado hatujaondoka Kobe alipojibu. "Ndugu mpendwa, ruhusa imepokelewa na picha itabaki. Nimeuona mkanda. Ni mzuri sana."

Basi. Dereva ameshaondoka na lori lake na kufikia kesho kila kibanda cha Mai Mahiu kitaniita Kilo Tisini. Nitaitika. Fundi wa fremu nimeshamwambia aandae fremu kubwa zaidi. Na ninyi mnaotaka kucheka, chekeni, ruhusa mnayo kwa maandishi. Inakilini, muitume kwa mashangazi, muitie kwenye kalenda. Ila yeyote atakayeichukua asithubutu kunikata mkanda.