Pumba, Kuku na Baba Mkwe

Jumatatu, 12 Mei
Ujumbe kutoka Lupiro. Baba mkwe, Mzee Salvatory, atakuja Jumapili ya Pentekoste kukagua mradi wangu wa kuku. Akiridhika, mke wangu Agnetha anarudi nyumbani. Asiporidhika, anabaki huko huko kwao.

Nimekwenda kwa Klementina, muuza dawa za mifugo. Kanieleza kwamba protini hujengwa kwa asidi amino, kama nyumba kwa matofali. Laisini hujenga nyama, methionini huotesha manyoya, triptofani hutuliza akili. Nyingine mwili hujitengenezea wenyewe, ila hizo tatu lazima kuku azile, kwa hiyo nichanganye dagaa na soya kwenye pumba za mpunga. Mimi nilisikia vizuri hapo pa kujitengenezea. Mwili una kiwanda chake, halafu mimi nihangaike na dagaa? Pumba tupu! Jirani yangu Beatus na aendelee kuwanenepesha wauza dagaa.

Alhamisi, 29 Mei
Balaa! Kuku wananyonyoka. Migongo wazi, mikia hakuna. Wanadonoana na kula manyoya ya wenzao. Beatus kachungulia juu ya ua, akauliza kama nafuga kuku au popo. Mshenzi! Klementina kasema ni methionini imepungua, dagaa waanze leo, lakini manyoya hayataota kabla ya Pentekoste.

Jumamosi, 7 Juni
Nimemeza kiburi, nimemwomba Beatus aniazime kuku wake. Kanifanya nirudie ombi mbele ya mkewe. Kakubali kwa sharti moja: jogoo wake mwekundu asiguswe. Nimeapa kwa marehemu bibi yangu. Wa kwangu nimewafungia stoo. Kesho Agnetha!

Jumapili, 8 Juni
Mzee kafika na Agnetha. Nikamwamkia shikamoo, nikamwongoza bandani. Akazunguka banda akihesabu kuku kwa fimbo. Mwishowe akatabasamu, akasema sasa nimetulia. Agnetha akanitazama kwa lile jicho la zamani. Nilitaka kulia.

Ndipo nikakumbuka. Baba mkwe haondoki bila kuchinjiwa kuku, na firigisi ni yake! Nikamwonyesha tetea mmoja mnyonge. Yeye akanyoosha fimbo kwa jogoo mwekundu. Ningemkatalia vipi baba mkwe? Nikachinja.

Tukiwa mezani, Beatus akaja kusalimia. Mzee, kwa ukarimu wake, akamkatia firigisi. Beatus akaitafuna, akaisifu sana, kisha akaenda bandani kumtazama jogoo wake.

Alirudi anapiga kelele mtaa wetu mzima wa Lipangalala usikie. Kuku wote ni wake! Wa Evarist, yaani mimi, wako stoo! Akafungua mlango. Wakatoka, uchi, wanadonoana, hadi miguuni pa Mzee. Mzee akavaa kofia. Akasema Agnetha atarudi siku nitakapomwonyesha mifugo yangu mwenyewe, mizima. Agnetha hakugeuka nyuma hata mara moja.

Jumatatu, 9 Juni
Nimelia asubuhi yote. Nyumba kimya, inauma. Lakini nimekaa, nimetafakari, na kosa nimeliona: nilichagua mfugo mbaya. Bwawa nimeanza kulichimba leo nyuma ya nyumba. Nimempigia Mzee Salvatory aje kukagua Krismasi, amlete na Agnetha. Kambale hana unyoya hata mmoja, kwa hiyo pumba zitamtosha.