Kaure Mdomoni, Sura Kwenye Bango

Jumatatu, 4 Machi
Nimependeza! Vigae vya kaure vimebandikwa juu ya meno yangu ya mbele, vyeupe pee. Ijumaa mpiga picha anakuja dukani kwetu, duka la samani. Bosi atachagua sura moja iwekwe kwenye bango la nje. Ni mimi au shemeji, kaka wa mke wangu, anayeuza magodoro humo humo na kujiona. Daktari wa meno kaitia doa furaha yangu: eti nasaga meno usingizini na kaure itapasuka. Kanipa kinga ya plastiki nivae kila usiku. Nisage meno, mimi?

Jumanne, 5 Machi
Mke anasema nasaga kama mashine ya unga. Nilivaa kinga kumridhisha. Mate chapachapa! Asubuhi shemeji kaja kuazima pasi, kanikuta nayo mdomoni, kauliza kama nimeshindwa kumeza kisahani cha sabuni. Alicheka hadi akakaa chini. Kinga nimeitupa kabatini. Atanitambua.

Jumatano, 6 Machi
Nimepata dawa! Meno yanasagana kwa sababu taya linatembea. Likifungwa litatembea wapi? Nimejifunga kitambaa cha mke kuanzia kidevuni hadi utosini, nikakaza barabara. Mke kauliza nani amefariki. Nikamwashiria azime taa.

Alhamisi, 7 Machi
Balaa! Nimeamka na kipande cha kaure juu ya ulimi. Taya linawaka moto. Mke anadai kitambaa ndicho kilichoyabana meno yakasagana vizuri zaidi. Kasomea wapi udaktari? Sikati tamaa. Dukani kuna gundi ya mbao. Inashika kabati zima, itashindwa na jino?

Ijumaa, 8 Machi
Gundi imeshika. Imeshika kaure, imeshika jino, imeshika na mdomo wa juu. Mpiga picha kaniomba nifunge mdomo. Nilijaribu. Mtoto wa mteja akaanza kulia. Bosi akamwita shemeji. Nimeumia, sifichi. Nilitaka wanangu wapite pale waseme, yule ni baba.

Jumatatu, 11 Machi
Daktari kaninasua, kaniwekea kaure mpya, kanisihi tena: kinga, kila usiku. Shemeji sasa yuko juu ya mlango wa duka, anachekea barabara nzima. Nikimwona tu, taya linajikaza lenyewe.
Nimekaa nikatafakari kosa langu. Nimeligundua. Kitambaa kilikuwa laini mno.
Nimenunua mkanda wa ngozi.