Keki za Kusogeza Kilima

Jumatatu, 4 Machi
Muuguzi katupima ofisi nzima. Sukari yangu juu! Ya mhasibu, yule anayekunywa chai bila sukari kwa maringo, sawa kabisa. Kaniuliza mbele za watu kama nitahitaji kushikwa mkono kwenye ngazi. Mnafiki! Nyumbani mama watoto kasoma majibu, kafungia sukari kabatini. Haitoki mpaka ofisi ipimwe tena Ijumaa na nionekane wa kawaida. Chai gani hii? Heri maji ya bomba.

Jumanne, 5 Machi
Shemeji, mwalimu wa hesabu, kaja kutusalimu. Nikamuuliza hiyo kawaida ni amri ya nani. Akachora kilima. Eti hupimwa watu wengi wenye afya. Wengi wao hujaa katikati, wachache huangukia pembeni, na eneo la wale wengi ndilo huitwa kawaida. Hata mzima anaweza kuangukia pembeni, ndiyo maana kipimo hurudiwa. Mengine sikuyasikia. Kumbe siumwi, niko mpweke tu! Nikiwapandisha wenzangu, kilima kitanifuata nilipo. Akili ni mali.

Jumatano, 6 Machi
Nimejitolea kupika chai ya ofisi. Jiko liko chini, sisi tuko juu. Napanda, nashuka, sinia mkononi. Kila kikombe vijiko vinne, na keki pembeni. Mimi sionji, sukari yote ina kazi. Meneja kasifu moyo wangu. Mhasibu kakataa. Nikamwambia keki kaoka mama mkwe, atasononeka. Kala mbili.

Alhamisi, 7 Machi
Magoti yanalia. Suruali inalegea. Mhasibu kashuka mwenyewe jikoni kuomba kikombe kingine. Nimemwonea huruma. Kidogo sana.

Ijumaa, 8 Machi
Ole wangu! Muuguzi kapima, kaguna, kabadilisha kifaa, kapima tena. Ofisi nzima juu, mhasibu juu kuliko wote. Nikamshauri asogeze kawaida yake, wengi wape. Akasema kawaida haipigiwi kura, kilima chake kilipatikana kwa watu wenye afya, si kwa walevi wa keki. Kisha akanipima mimi. Sawa kabisa! Peke yangu.

Mama watoto kafurahi hadi machozi, kanikabidhi ufunguo wa kabati. Anasema sasa mumewe ni mtu wa kawaida. Maskini, hesabu hajui. Ofisi nzima iko kule, mimi nimebaki pembeni! Nimekoroga vijiko sita. Jumatatu lazima niwe nimewafikia.