Glukosi Imeenda Wapi?

Jamani, leo nimejianika mwenyewe, wala hakuna aliyenisukuma.

Mpwa wangu Mercy anaolewa. Mchana huu wakwe walitoka Kawangware wakaja kwa dada yangu hapa Kianda, kututazama sisi ni watu wa aina gani. Kanisa lao halitaki kusikia pombe hata kwenye dawa ya kikohozi. Mercy alinionya mapema: "Anko, wakinusa pombe hapa, hiyo harusi sahau."

Nikamwambia aniachie mimi vinywaji. (Tasnifu yangu chuoni ilihusu hamira: jinsi seli zake zinavyovuta sukari, zinaishika kwa nguvu gani na kuiingiza kwa kasi gani. Nani angenifundisha?)

Jumatano nikachemsha maganda ya nanasi, nikatia sukari, yakapoa, nikanyunyiza hamira kidogo tu ili maji yachangamke kama soda. Leo asubuhi nikaonja. Tamu ajabu. Nikajiambia, sukari bado ipo, basi hamira haijafanya kitu.

Wageni wakaketi. Mama Isaka, mamake bwana harusi, akainua glasi, akainusa, akairudisha mezani.

"Hii imelala tangu lini?"

"Ni nanasi tu, Mama. Pombe haiwezi kuwa tamu hivi."

"Kunywa wewe kwanza."

Nikanywa yangu. Akazidi kuniangalia. Nikanywa yake. Nikanywa na ya mumewe, ambaye hakuwa amelalamika. (Sikuwa nimekula tangu jana, kwa kuogopa wakwe.) Ghafla nikawapenda watu wote wa Kawangware. Nikasimama niwafundishe.

"Mama, seli ya hamira ina milango ya sukari. Sasa sukari hii ya dukani hukatwa hapo nje vipande viwili, glukosi na fruktosi. Mlango unaipenda glukosi. Ikipita tu, inadakwa. Fruktosi inaachwa kwenye foleni, kama sisi na mitungi yetu maji yakirudi."

"Anko, keti," Mercy akasema kwa meno yaliyofungwa.

"Siketi. Na ulimini fruktosi ndiyo tamu zaidi. Kwa hivyo glukosi inaweza kuisha kabisa, na wewe ukionja bado unasikia..."

Nikaketi.

Mama Isaka alikuwa amenisikiliza vizuri kuliko watahini wangu.

"Na hiyo glukosi iliyopita mlangoni," akauliza, "imeenda wapi?"

Nikaangalia zile glasi tatu tupu.

"Imekuwa pombe, Mama."

"Na hiyo pombe iko wapi?"

"Ndani yangu."

Mercy akajifunika uso kwa leso. Dada yangu akaanza kuomba kimoyomoyo, midomo ikionekana. Halafu nikaona mabega ya Baba Isaka yanatikisika. Mzee alikuwa anacheka hadi miwani ikamwangukia mapajani.

"Mama Isaka," akasema, "mlevi wa kujishtaki mwenyewe tutampata wapi mwingine?"

Mkewe hakucheka. Alichukua andazi, akatafuna taratibu, akammeza na Mercy kwa macho.

"Msichana tumemkubali. Huyu mjomba wake, siku ya harusi apewe maji. Ya chupa. Nitaifungua mimi."

Vigelegele vikapigwa hadi kwa jirani. Sasa nimelazwa kwenye kochi la dada, naandika huku herufi zinacheza. Tasnifu ilipita, kwa wanaouliza. Na mkicheka, chekeni polepole, kichwa kinaniuma.