Muiko ya Mama Bukwe

Kwa Mama Brigitte, mwenye kuuzisha munkoyo, kinywaji ya mahindi, pale Kampemba, banc iko moja tu, lakini kwa maneno, ba ministre ba inchi bote banaikala pale. Asubuhi ile Clément, mwenye banamuita Radio, alifika mbio, hata hakusalimia.

— Mulisikia? Kule Bulaya bazungu banaenda ku masomo kujifunza kuchonga muiko! Na diplôme banapata!

— Muiko ya kupika bukari ya unga? Précieux akashika kichwa. Yeye banamuita Avocat, juu anatetea hata mwizi mwenye hajamuita.

— Muiko ya jikoni, baba! Paka kisu na mikono tu. Machine hapana!

— Aba! Basi kambo, baba ya baba yangu, mwenye alichonga miiko yote ya nyumba, alikufa docteur d'État na hatukujua!

Bote bakacheka. Ephraïm, mwenye banamuita Ministre, akanyoosha mikono: bidole karibu yote iko na sparadrap juu ya bidonda.

— Diplôme yangu njo hii.

— Ministre! Nani alikuuma?

— Kisu. Nimechonga muiko ya mama bukwe.

Shida ya Ephraïm bote baliijua. Tangu ndoa, mama ya Bwalya, bibi yake, alikatala kula mu nyumba yake. Alikuwa anasema: "Ule bwana iko na kinywa, mikono hana." Jana alitoka kwake Lukafu, akafika na chakula yake mu kitunga, akakula yeye peke. Bwalya alilia mpaka asubuhi. Njo vile Ephraïm alichonga usiku muzima, akamuachia mama bukwe ile muiko, akakimbia huku. Sasa telefone iko mukononi, anangoja Bwalya amupigie.

— Umekufa, Radio akasema. Kumupa mama bukwe muiko ni kumuambia bukari yake iko na mabonge!

— Objection! Avocat akasimama. Ni kumuheshimu!

— Ni kumutukana!

— Heshima! Weye Radio, bukwe yako ulimupa nini? Paka salamu tu!

— Munyamaze! Mama Brigitte akapiga kikombe. Mutamuua mutoto wa bantu na roho juu juu.

Telefone ikalia. Ephraïm akaikamata sawa makala ya moto.

— Bwalya? Eeh… Amecheka? Amepika yeye mwenyewe? Amekula?! Akaruka juu ya banc. Amekula kwangu! Bukari na sombe ya majani ya muhogo! Anasema sasa mikono yangu ameiona!

Wee! Radio akapiga kigelegele sawa mwanamuke. Mama Brigitte akacheza na kikombe ku kichwa. Ephraïm alicheka, machozi inatoka, hata hakuyapanguza.

— Ministre, nichongee na yangu! Avocat akalalamika. Mama bukwe wangu naye ananiangaliaka vibaya. Leo leo!

— Kesho utapata! Bwalya, ungali pale? Eeh, nakusikia…

Kicheko ikaanza kumupungukia. Akashuka pa banc polepole.

— Anasema nini? Radio akauliza.

— Anasema kwabo kule Lukafu, muko, bwana ya mutoto wako, akikupa muiko, amekupa jikoni. Na mwenye jikoni haendake tena kwake.

— Maana yake?

— Mama ametuma camion Lukafu. Kuku, mbuzi, kitanda, vyote vinakuja kwangu.

Mama Brigitte akamujazia kikombe. Avocat akakohoa, akavaa kofia yake.

— Ministre, ile muiko yangu… usijisumbue. Mama bukwe wangu, hata vile ananiangaliaka, iko muzuri kule kwake.