Kamati ya Kulinganisha Vidonge Viwili

Idara ya Ustawi wa Mwili iliutangazia umma kwamba kuanzia Jumatatu, damu ya taifa itatiririka kwa utaratibu. Tangazo lilibandikwa kwenye ghorofa zote nane, na aliyelibandika ni tarishi wa idara, mwanamke wa miaka hamsini na sita ambaye ofisi nzima ilimwita Mama Mafaili. Alipanda kwa miguu. Lifti ilikuwepo, tena nzima, ila ilifunguliwa kwa ufunguo, na ufunguo ulitolewa kwa wenye cheo cha naibu mkurugenzi kwenda juu.

Vidonge vya kuleta utaratibu huo vilikuwa viwili. Cha manjano, cha unga wa magome, kilisifiwa kushusha sukari na kuyeyusha mafuta ya tumbo. Chekundu, cha unga wa mizizi, kilisifiwa kupanua mishipa ya damu. Mkurugenzi alikuwa upande wa manjano. Naibu wake alikuwa upande wa nyekundu, kwa sababu Mkurugenzi alikuwa upande wa manjano. Ikaundwa kamati ya wakubwa kumi na wawili: sita wameze hiki, sita kile, kwa siku tisini, na vikao vyote viwe na vitafunio.

Muuguzi wa zahanati ya ofisi, binti mpole asiyeyumba, akasema utafiti unahitaji pia mtu asiyemeza kitu, wa kulinganishwa nao.

"Asiyemeza kitu kabisa?" Mkurugenzi aliuliza.

Wajumbe wakatazamana. Nani akubali kukosa kinachogawiwa bure? Mara mlango ukafunguka, Mama Mafaili akaingia na mafaili kumi na manne kifuani.

"Huyo hapo," akasema Naibu, na kwa mara ya kwanza Mkurugenzi akamuunga mkono.

Siku ya tisini muuguzi akasoma matokeo. Kundi la manjano: sukari imepanda kidogo, viuno vimeongezeka. Kundi la nyekundu: vivyo hivyo, na mjumbe mmoja ameota kitambi ambacho hakuja nacho. Asiyemeza kitu: sukari safi, presha kama ya msichana.

Mkurugenzi akavua miwani.

"Hii iliidhinishwa na nani?"

Kesho yake Mama Mafaili alibeba barua kutoka ghorofa ya nane hadi masijala, akakuta ni yake. Ajieleze kwa maandishi ndani ya siku saba kwa nini mtiririko wa damu yake umezidi wa viongozi wake bila kibali. Akishindwa, ataachishwa kazi. Alibakiza miaka minne astaafu, na nyumbani mama yake mzazi hakuwa na mwingine wa kumtegemea.

Akaenda moja kwa moja zahanati. "Mwanangu, hawa wanataka niseme damu nimeiiba wapi?"

"Mama, waandikie tu siku yako ilivyo," muuguzi akamjibu. "Mengine niachie mimi."

Akaandika: *Napanda ngazi mara ishirini na mbili kwa siku, nimebeba mafaili ya wakubwa. Sina la ziada.*

Muuguzi akayaambatisha maelezo hayo kwenye ripoti ya kurasa mia mbili na arobaini. Kwenye mapendekezo, ukurasa wa mia mbili na thelathini na moja, akaongeza kwamba kirutubisho kilichovishinda vidonge vyote viwili ni faili, litumiwe kwa ngazi, na viongozi waanze. Mkurugenzi akasaini kama alivyosaini ripoti zote, ukurasa wa mwisho, simu sikioni. Naibu akasaini alipohakikishiwa kwamba manjano haikushinda. Wizara ikaridhia, ikaagiza utekelezaji wa haraka, na ikauchukua ufunguo wa lifti. Shauri la kujieleza likafungwa.

Wiki iliyofuata Mama Mafaili alimkuta Mkurugenzi ameketi kwenye ngazi baina ya ghorofa ya nne na ya tano, tai begani, mafaili tisa mapajani, jasho likimtiririka kwa utaratibu.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini. "Nishikie haya hadi juu. Tafadhali."

Mikono ya Mama Mafaili ilishaanza kunyooka yenyewe, kwa mazoea ya miaka thelathini. Akairudisha nyuma.

"Ningekusaidia, mkubwa wangu," alisema kwa upole, "lakini hiyo ni dozi yako. Nikiimeza mimi, nitavuruga utafiti."

Akampita taratibu, mikono mitupu, akapanda zake.